Kopo Halina Haya

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Mvua ilikuwa imetukimbia, mahindi ya mashamba ya Ganda, nje kidogo ya Malindi, yalikauka yangali mafupi kama mtoto anayejifunza kusimama, na serikali ikaleta mahindi ya meli, makubwa, ya njano kama kiini cha yai. Sima yake ilikuwa na utamu-utamu usioeleweka. Ukiila na papa wa chumvi, ulimi wasema lake na tumbo lasema lake. Watu walinung'unika kwamba ni chakula cha kuku wa Ulaya. Mimi nikawaambia, basi tageni mayai, mmekaa bure kwa nini? Tuliila, na wajukuu wangu walinenepa mashavu, kwa hivyo sina ugomvi na mahindi yale. Ukinitajia mwaka kwa tarakimu nitakutazama tu. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya ngumbaru, na tarakimu za miaka hazikuniingia. Lakini ukiniambia mwaka wa unga wa njano, nitakuonyesha hata mahali nilipokuwa nimekaa.

Na kukaa ndiyo kazi niliyoijua siku hizo. Goti langu la kulia lilikuwa limeniasi. Kutoka kitandani nilishika ukuta. Ngazi ya kibaraza, vidato vitatu tu, nilishuka kinyumenyume kama mtu anayemwogopa mbwa. Mdogo wangu wa kike yeye alikuwa na magoti mawili mabovu, na ndiye hasa ninayetaka kumwandika hapa, kwa sababu bila yeye nisingeingia kamwe katika mambo ya utafiti, mimi, mwanamke wa mwiko na kinu.

Tuliishi wawili, mimi na yeye, wajane wote. Watoto wangu walikuwa na nyumba zao mtaa wa pili, na wajukuu wakija na kwenda kama kuku. Asili yetu ni visiwa vya kaskazini. Malindi tuliletwa tungali wadogo, naye alikuwa amebebwa mgongoni kwangu. Sijui kama aliwahi kushuka. Hata alipokuwa na mvi, akipata homa alikuja kulala miguuni pa kitanda changu. Maneno yake yalikuwa ya asali. Mimi watu waliniita pilipili, nami sikukasirika, kwani mchuzi bila pilipili ni maji ya kunawa.

Maumivu aliyavumilia. Sikumsikia akilia kwa ajili ya magoti hata siku moja. Alilolilia lilikuwa paji lake la uso. Miaka mitatu alikuwa akisali juu ya kiti, na sujudu yake ilikuwa ni kuinamisha kichwa tu, kama mtu aliyesinzia. "Dada," aliniambia, "nimekuwa kama mgeni anayesalimia dirishani. Siingii ndani." Nilimwambia Mungu anajua magoti yake. Akasema, "Anajua, lakini mimi nina hamu."

Basi, ndipo akaja daktari.

Alikuwa mwanamke wa bara, Mkristo, mwembamba, umri wa binti yangu wa pili. Alikuwa amekwenda kusoma Uchina, akarudi na masanduku mawili ya sindano. Akapewa chumba katika zahanati moja nje ya mji, njia ya Ganda, afanye utafiti juu ya tiba ya sindano za Kichina kwa watu wenye maumivu ya magoti. Alitembea haraka, alikula haraka, na kusalimu pia haraka. "Shikamoo-bibi-goti-je?" lote kwa pumzi moja. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mwanangu, rudi mlangoni uanze tena. Uulize nimeamkaje, watoto hawajambo, nyumba haijambo. Goti halitakimbia, lingeweza kukimbia nisingekuja kwako." Akacheka mpaka akashika meza. Tangu hapo nilimpenda.

Uvumi ulikuwa mwingi. Ilisemekana anawashona watu. Ilisemekana sindano zake hazina dawa ndani. Jirani yangu mmoja, mama wa Kigiriama aliyekuwa akiuza muhogo nje ya lango la zahanati, aliniuliza, "Sindano isiyo na dawa si ni mwiba?"

"Mwiba," nikamwambia. "Na wewe kila siku huchomwa na miiba ya shambani, na hulipwi chochote. Huu angalau una kitanda na shuka safi."

"Sasa mwiba utanitibu?"

"Chuku ina dawa gani? Ni pembe tupu, na mama yako alikuumika nayo, na bado ukamshukuru."

Akaendelea kumenya muhogo. Kesho yake alijiandikisha.

Lililotushinda kuelewa halikuwa sindano. Lilikuwa ni utafiti wenyewe. Daktari alitukusanya kwenye mabenchi, akatuambia wazi: wengine watachomwa mahali panapostahili, wengine watachomwa juu-juu tu, mahali pasipo na kazi. Nani yuko upande gani hatajua mgonjwa, hatajua karani anayeandika majibu, na majina yatafungwa katika bahasha mpaka mwisho. Wale wa juu-juu, wa sindano bure, watapewa za kweli baadaye, kama za kweli zitaonekana zina maana. Asiyetaka aende zake kwa amani. Kukawa na minong'ono. Mtu mzima achomwe sindano ya uongo, huo si mchezo wa watoto? Wawili waliinuka, wakajitanda leso, wakaondoka.

Mimi nilirudi nyumbani nikafikiri. Nilikuwa nakanda unga wa maandazi, na hamira ilikuwa ya duka jipya. Jibu likanijia mikononi. Jioni nikamwita mdogo wangu, na yule wa muhogo, na wengine watatu wanne waliokuwa wakipita.

"Duka laniambia hamira hii ni nzuri," nikawaambia. "Nitajuaje? Unga ukiumuka, huenda ni joto la leo. Huenda ni mkono wangu. Basi nakanda madonge mawili. Moja natia hamira, moja sitii. Nayaweka jua moja, nayafunika kitambaa kimoja, na anayekuja kuyatazama simwambii lipi ni lipi. La hamira likiumuka na la pili likilala, hapo ndipo naweza kumsifu mwenye duka. Yakiumuka yote mawili, hamira hiyo ni vumbi."

"Kwa hivyo sisi ni madonge," mdogo wangu akasema.

"Sisi ni madonge."

Walicheka, lakini wiki ile mabenchi yalijaa. Daktari alipoisikia habari ya madonge aliniomba niirudie mbele ya watu, nami nikairudia katika nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikikokota goti. Nilikwenda kwa Waislamu na kwa Wakristo, kwa wavuvi na kwa wale wa bara waliokuwa wakifanya kazi hotelini. Sikumwahidi mtu kuwa atapona. Niliwaambia, "Nendeni tukajue." Wengine walinifukuza. Mzee mmoja aliniambia kama nataka kujua nimwulize mume wangu, nikamwambia sina, akasema basi niulize nyumba ya pili.

Sasa sikiliza kosa letu. Lilikuwa kosa la watu wenye adabu, na nadhani kwingine lisingetokea.

Baada ya wiki mbili za sindano, karani alianza kuandika majibu. Karani huyu alikuwa mtu wa hapa hapa mjini, mtu mzima, mwenye wake wawili na adabu ya watu kumi. Anamwita mgonjwa, anamwamkia kama inavyopasa, anauliza, "Na goti, hujambo nalo?" Mgonjwa anajibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Anaandika: amepona. Anamwita wa pili. "Sijambo." Amepona. Wale Wakristo nao, "Sijambo, Mungu ni mwema." Wamepona. Kwa siku moja zahanati nzima ikapona, wa sindano za kweli na wa sindano bure, na hata bibi mmoja aliyekuwa amekuja kumsindikiza mwenzake na hajaguswa na sindano.

Nami pia. Mimi pilipili, nilipoulizwa, nilijibu, "Sijambo kabisa, mwanangu." Ningejibu nini? Msichana ametoka Uchina, amevuka bahari kwa ajili yangu, nimwambie mbele ya watu kuwa kazi yake haikufaa? Mgeni akikupikia, chumvi ikizidi unakunywa maji, unasifu nyama.

Daktari alizitazama karatasi akafurahi, kisha akatazama nje ya dirisha. Akaona waliopona wakitoka. Mmoja anachechemea, mmoja anashikilia ukuta, na mimi nashuka ngazi za zahanati kinyumenyume.

Alitoka mbio, akanisimamia chini ya ngazi. "Bibi! Umesema hujambo!"

"Ndiyo, sijambo."

"Na goti?"

"Goti lauma kama jana."

"Sasa mbona mmenidanganya?"

Nilikasirika. "Hakuna aliyekudanganya. Umetuamkia, tumekuitikia. Wewe ulitaka tukutapikie matatizo kabla hujakaa?"

Akaketi kwenye ngazi, pale pale, na koti lake jeupe. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Akaniambia, "Bibi, kwa majibu haya madonge yote yameumuka. Hata lile ambalo halikukandwa." Hapo nikaelewa tumefanya nini. Tulikuwa tumemuua kwa heshima.

Usiku ule mdogo wangu alisema tumwombe kila mtu aseme kweli. Nikamwambia haiwezekani. Binadamu akitazamana na binadamu, uso unaingia katikati. Kinachotakiwa ni kitu kisicho na uso. Asubuhi niliteleza juu ya komwe ambazo wajukuu waliziacha sakafuni baada ya kucheza bao. Nilitukana kwanza, kisha nikaziokota moja moja, nikaziweka katika kopo la maziwa ya unga. Zililia vizuri. Nikavaa buibui nikaenda zahanati na lile kopo.

"Kila mtu apewe kopo na komwe," nikamwambia daktari. "Kila asubuhi akiamka, kabla hajaamkiwa na mtu, atie komwe kwa kadiri goti linavyomuuma. Haliumi, asitie. Lauma la kuliza, atie kumi. Jumamosi alete kopo, karani ahesabu, wala asiulize neno. Kopo halina haya, halina mgeni wala mwenyeji."

Kisha akaniamkia upya, shikamoo ya taratibu, na nyumba haijambo na watoto hawajambo, kama nilivyomfundisha. Sitaisahau. Wajukuu wangu wakisikia mtu akimwita bibi yao mjinga, wamsimulie hiyo.

Kuwafundisha watu kopo kulikuwa kazi nyingine. Yule wa muhogo aliniuliza, "Nitie ngapi zisimuudhi?"

"Tia za goti. Usitie za daktari."

"Na mume wangu mgongo wamuuma, nimtilie na yeye humo?"

"Mume hana kopo. Akililia, mpige chuku."

Kulikuwa na mama mmoja aliyeleta kopo tupu wiki mbili mfululizo, na huku anatambaa. Nilikwenda kwake nikakuta komwe zote ziko juu ya kabati, zimefunikwa na kitambaa cha kufuma. Aliona ni zawadi, akaziweka pamoja na vikombe vya wageni. Nilikaa naye asubuhi tatu, tukatia pamoja, mpaka mkono ukazoea. Polepole makopo yakaanza kusema. Jumamosi ungesikia njia yote ya Ganda inalia cheke cheke, wanawake wanakuja na maumivu yao mikononi.

Sindano zenyewe hazikuwa za kutisha. Nyembamba kama unywele wa mtoto. Alizipachika kuzunguka goti na nyingine chini kabisa karibu na kifundo, nikamwuliza mbona anapiga hodi nyumba ya jirani, akasema ndivyo walivyomfundisha na ndivyo anavyotaka kujua kama ni kweli. Hilo nililipenda. Hakuwa kama waganga wanaojua kila kitu kabla hujavua kiatu. Ukimwuliza, "Itafaa?" anasema, "Sijui bado, bibi." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mtu aliyesoma akisema sijui bila kuona aibu.

Kopo la mdogo wangu lilianza kupungua. Asubuhi nilikuwa nasikia akizihesabu kwa sauti ndogo, chumba cha pili. Nane. Saba. Saba tena. Sita. Kisha nne. Zangu zilikuwa saba, nane, saba, saba. Sitaficha, niliona wivu. Tulinyonya ziwa moja, tunalala nyumba moja, tunakula unga ule ule wa njano, na sindano zinamfaa yeye. Kuna siku nilitamani kutia tatu tu ili nisishindwe. Nikazitazama zile komwe mkononi mwangu, nikatia saba.

Alfajiri moja niliamka kwa sauti ya kimya. Ni lugha ya kizee, najua, lakini wewe ukiishi na mtu mwenye magoti mabovu utajua sauti zake zote: kiti kinaburutwa, mtu anahema, anaguna. Siku ile hakikuburutwa kitu. Nikaenda mlangoni. Kiti kilikuwa pembeni. Mdogo wangu alikuwa chini, juu ya msala, paji la uso limegusa mkeka. Hakuinuka. Nilingoja. Hakuinuka. Nikasahau kuwa mtu anayesali hasemeshwi.

"Umekufa?" nikamwuliza.

Akamaliza sala yake yote, taratibu, akatoa salamu kulia na kushoto, ndipo akanigeukia, na alama ya mkeka imemchora usoni.

"Dada wee," akasema, "miaka mitatu sijafika huku, wewe wataka nirudi mbio?"

Nilikaa mlangoni nikalia kama mtoto. Kisha nikampikia chai ya tangawizi, na maandazi nikatia iliki maradufu.

Nilimkimbilia daktari na habari ile, kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. Aliniangalia kwa furaha, akanishika mikono yote miwili, halafu akasema, "Mmoja si ushahidi, bibi." Nilitaka kumzaba kofi. Lakini alikuwa na haki. Donge moja si mkate wa mji.

Mwezi wa nne wa sindano daktari aliitwa Mombasa, akakaa majuma mawili. Sindano zikasimama. Kopo la mdogo wangu likapanda tena: tatu, tano, sita. Kiti kikarudi mbele ya msala. Aliporudi daktari na sindano, kopo likashuka. Hapo sote wawili tukajua kuwa kusujudu kwake kunategemea chumba kile na yule msichana wa bara kubaki njia ya Ganda.

Na kubaki kwake hakukuwa mkononi mwake. Muda wa utafiti ulikuwa unakwisha. Wageni walikuwa wanakuja kutoka mbali, wale waliokuwa wakiutegemeza utafiti kwa fedha, waone wenyewe, wasikie wagonjwa, kisha waamue: ama sindano ziendelee na zipelekwe mpaka Kakuyuni na Vitengeni, ama masanduku yafungwe. Karani alinichagua niwe wa mwisho kusema. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na mdomo ninao.

Alikuja nyumbani kunipanga. Aliketi, akanywa chai, akauliza habari za kila mjukuu kwa zamu. Halafu akasema, "Bibi, mgeni akikuuliza, sema tu umepona. Ni maneno ya kumfurahisha mtu. Na huenda wewe ni wa sindano bure, hutakuwa umeharibu kitu."

"Kama ni wa sindano bure ndiyo nitaharibu zaidi," nikamwambia. "Donge lisilo na hamira nikisema limeumuka, nimesema hamira ni vumbi. Na kama ni wa sindano za kweli, nimemwongopea mtu aliyenifundisha kuhesabu."

Alikuna kichwa. Akaomba kikombe cha pili.

Mdogo wangu alingoja mpaka karani ameondoka. Alikuwa anakuna nazi, amekaa juu ya mbuzi, kitu ambacho miezi mitano nyuma asingeweza kukalia. Hakuniangalia.

"Dada, ni neno moja tu. Nimepona. Basi."

Nikaanza kumweleza tena habari za madonge. Akasimamisha mkono.

"Mimi sitaki mkate," akasema. "Nataka kusujudu."

Tulipika, tukala. Kabla ya kulala akaja na chupa ya mafuta ya ufuta, akaketi sakafuni kwa magoti yake yale yale, akaanza kulisugua goti langu. Alisugua muda mrefu sana, kwa nguvu, kama anayefua nguo. "Labda litapona kabla ya kesho," akasema. "Halafu hutakuwa umesema uongo." Nilimshika kichwa. Nilimwambia alale.

Asubuhi nilitia komwe saba.

Wageni walikuwa wawili. Aliyekuwa akiuliza alikuwa Mzungu mzee mwenye miwani, jasho likimtiririka, mtu wa heshima, kwani alikataa kiti mpaka sisi wanawake tukae. Alisema kwa Kiingereza, karani akageuza kwa Kiswahili, nasi tukajibu, naye akarudisha kwa Kiingereza. Daktari alisimama ukutani. Asubuhi ile alikuwa amenijia pembeni, macho mekundu ya kukosa usingizi, nikadhani na yeye ataniomba. Alisema tu, "Bibi, sema lililo kwenye kopo." Kisha akaenda zake haraka.

Wagonjwa wakaanza kuulizwa. Nisikie nini? "Sijambo, alhamdulillahi, namshukuru daktari." "Sijambo, Mungu ambariki." Hata wale ambao Jumamosi makopo yao yalikuwa yakilia kama ngoma ya harusi. Mzungu anatabasamu, anaandika. Daktari anatazama viatu vyake. Mdogo wangu alisimama akasema anasujudu sasa. Hiyo ilikuwa kweli, lakini ndani ya zile sijambo nyingi ilisikika kama nyingine yoyote.

Nikuambie hapa yaliyofuata, usikae roho juu. Sindano ziliendelea. Kakuyuni zilifika, Vitengeni hazikufika. Bahasha zilipofunguliwa ilionekana mimi na mdogo wangu tulikuwa upande mmoja, sindano za kweli, yeye zikamfaa na mimi la, na daktari alisema habari zetu sote wawili zimeandikwa, yangu kwa wino ule ule kama yake. Mdogo wangu alisujudu muda wa kutosha. Lakini siku ile, juu ya lile benchi, sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba ananitazama.

Zamu yangu ikafika. Nilisimama kwa kushika bega la jirani.

"Na wewe bibi," karani akasema kwa sauti tamu, "goti hujambo nalo, alhamdulillahi, sivyo?" Alikuwa ameshanitilia jibu mdomoni.

Nikasema, "Mdogo wangu amepona. Mimi goti langu ni lile lile. Sitasema nimepona."

Karani akamgeukia mgeni, akasema Kiingereza kirefu, laini, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Mzungu akatabasamu tabasamu lile lile alilowapa wote, akainamia karatasi yake. Mimi Kiingereza sikijui, lakini uso naujua. Hakuna anayetabasamu vile akiambiwa goti linauma.

"Umemwambia nini?" nikamwuliza karani.

"Nimemwambia unashukuru, bibi."

"Kushukuru nashukuru. Hilo hakuniuliza. Mwambie nilivyosema, usitie sukari."

"Bibi, tafadhali, wageni hawa..."

Mdogo wangu alikuwa amejifunika uso kwa leso. Daktari aliinua kichwa. Mzungu aliacha kuandika, akawa anatutazama mmoja baada ya mwingine, na kalamu iko hewani. Nikamshika karani mkono wa shati, nikamvuta karibu, nikamsomea polepole kama mwalimu wa chuo anavyomsomea mtoto aya, ili asipate pa kupunguza wala pa kuongeza:

"Mdogo wangu amepona. Mimi goti langu ni lile lile. Sitasema nimepona."